Daftari la Mwalimu

Hotuba ya wanafunzi wake wa zamani katika chakula cha jioni cha harambee ya mwaka ya Umoja wetu, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Umoja wetu, Baba Mchungaji, Shehe wetu, wazee wetu mlioshuka kutoka mlimani kwa ajili ya jioni hii, kaka na dada zetu, na ninyi vijana mliozaliwa hapa mjini.

Tumepewa dakika kumi na tano, na Mwenyekiti ametuonya kwamba pilau haitasubiri. Tuliosimama hapa mbele ni sita, anayesoma ni mmoja, lakini maneno ni ya wote. Tuliyaandika pamoja kwa Jumamosi tatu na tukagombana kidogo. Pale tulipogombana tutawaambia.

Tumeombwa tumkumbuke Mwalimu. Jina lake hatutalitaja hapa, wala halitachapishwa katika kijitabu cha mwaka huu. Mama ndiye aliyeomba hivyo. Alisema jina limeandikwa kaburini na linatosha, na kwamba tukilitaja la mumewe basi tutaje na la kila mwalimu aliyefundisha milimani kwetu miaka ile, maana hakuwa peke yake. Tumetii. Kila mtu wa kwetu aliyemo humu ukumbini akisikia "Mwalimu" bila jina lolote mbele yake anajua tunamsema nani.

Alizaliwa milimani, upande wetu wa Upare wa Kusini, juu ya Gonja. Alisoma hadi darasa la nane katika shule za misheni, akaenda kusomea ualimu Marangu, na mwaka 1960 akarudi nyumbani na sanduku moja na cheti. Aliyempangia kazi ni kanisa na mshahara wake ulipitia kanisani. Miaka kumi baadaye Serikali ilizichukua shule za mashirika ya dini chini ya Sheria ya Elimu ya 1969. Mwalimu akalala mtumishi wa misheni akaamka mtumishi wa Serikali, darasa lile lile, ubao ule ule, wanafunzi wale wale. Wapo walimu waliochanganyikiwa na mabadiliko hayo. Yeye alichofanya ni kuhamisha saa ya sala ya asubuhi, akaiweka nyumbani kwake kabla ya kengele. Aliyetaka aliingia, na asiyetaka aliota jua nje. Watoto wa Kiislamu waliota jua pamoja na baadhi yetu Walutheri ambao usingizi ulikuwa haujaisha.

Alifundisha hadi 1996. Miaka thelathini na sita. Kwa miaka hiyo elimu ya nchi hii iligeuka mara nyingi: Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ambayo kwetu ilikuwa shamba la kahawa la shule na mabanda ya sungura, kisha Azimio la Musoma la 1974 na Elimu ya Msingi kwa Wote iliyoanza 1977, ambapo darasa la watoto arobaini lilifika tisini na walimu wenyewe walikuwa vijana waliotoka darasa la saba juzi. Mwalimu aliwapokea vijana hao na kuwalisha nyumbani kwake, na usiku aliwafundisha kwa taa ya chemli somo ambalo wangelifundisha kesho yake. Wapo humu ndani wanaocheka sasa. Ndio hao.

Tusimpake rangi. Alikuwa mkali. Fimbo aliitumia, na wapo kati yetu ambao mpaka leo hawakubali kwamba walistahili. Ukichelewa kwa sababu ulipeleka maji ndiva alikusamehe. Ukichelewa bila sababu hakukusamehe, hata mvua iwe imenyesha. Hakupenda utani darasani. Kuimba alijua, kucheza hakujua, na alipojaribu kwenye harusi za wanawe tuligeuka tukatazama pembeni.

Kitu tulichokuja kukisema jioni hii hasa ni daftari.

Wengi wetu tunalijua. Ni counter book ya jalada gumu, kama wafanyabiashara walivyoziita, kona zake zimefungwa kwa kitambaa cha kaki. Ndani yake Mwalimu aliandika kila mtoto aliyemsaidia kwenda sekondari, kuanzia 1966. Vijana labda hamjui jinsi mambo yalivyokuwa, kwa hiyo mtuvumilie. Miaka ile ukichaguliwa kwenda sekondari ya Serikali hukulipa karo. Waranti ya treni ulipewa, maana ungeweza kupangiwa Tabora au Songea au Musoma. Lakini fomu ya kujiunga ilikuja na orodha: sanduku la bati lenye kufuli, blanketi, shuka mbili, viatu vyeusi, sahani na kikombe. Kwa mzazi mwenye vishina mia vya kahawa na watoto saba, orodha ile ilikuwa kama ukuta. Watoto walichaguliwa na hawakwenda, kwa sababu ya sanduku tu.

Mwalimu alipopata majina alipanda na kushuka milima kuzipeleka fomu yeye mwenyewe. Akifika nyumbani kwa mtoto aliuliza swali moja: mna nini na mmekosa nini? Kilichokosekana alikitoa yeye. Alikitoa kwa mkopo.

Hapa ndipo watu wanaposimulia vibaya. Tumesikia kwenye mazishi na kwenye misa za shukrani watu wakisema Mwalimu alitoa bure, alikuwa mtu wa huruma. Huruma alikuwa nayo, lakini bure hakutoa hata siku moja. Alikopesha, aliandika, na alidai. Watani wetu Wachaga husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, nasi kwa kawaida tunakana. Kwa Mwalimu hatuwezi kukana. Ukianza kazi, hata uwe Mtwara, barua ilikufuata. Salamu mistari miwili, habari za mvua na kahawa mstari mmoja, kisha: "Sanduku bado."

Alidai kwa sababu sanduku lako ndilo lililokuwa la mtoto anayefuata. Hakuwa na mfuko mwingine. Alianza na masanduku matatu aliyoyanunua kwa mshahara wake na kwa kahawa ya Mama, na masanduku hayo matatu yalizunguka miaka thelathini. Mzee mmoja wa kwetu aliufananisha mtindo huo na ndiva. Maji hukusanywa usiku, asubuhi hufunguliwa kwa zamu, na aliye juu akisahau kufunga mfereji wake, wa chini anakuta tope.

Jambo jingine hatukulielewa mpaka tulipokuwa watu wazima wenye kodi za nyumba. Katika daftari Mwalimu hakuandika shilingi. Aliandika vitu. "Sanduku 1, blanketi 1, viatu namba 6." Sijui nani alimfundisha. Mwaka 1988 mmoja wetu alirudi nyumbani kwa likizo na noti mkononi kulipa sanduku la 1975 kwa bei ya 1975. Shilingi ilikuwa imeshuka sana tangu 1986, kila mtu aliona sokoni. Mwalimu akazitazama zile noti, akamrudishia, akamwambia fedha hiyo haifiki hata kufuli. Alete sanduku. Mwenzetu alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alishuka Same akanunua sanduku, akalibeba kichwani kutoka kituo cha basi mpaka juu, huku watu wakimuuliza kama amerudi shule.

Daftari ni la namna hiyo lote. Kuna majina ya Kikristo na majina ya Kiislamu, wavulana wengi zaidi ya wasichana, na hilo Mwalimu mwenyewe alilijua. Kuna mistari iliyokatwa kwa rula, maana imelipwa. Kuna mistari isiyokatwa.

Kanisani alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa mzee wa kanisa na mhazini wa mtaa wetu kwa miaka mingi, na mwalimu wa kwaya. Kwaya aliifundisha kwa solfa ubaoni, kwa chaki aliyoinunua mwenyewe, kwa sababu chaki ya shule ni ya shule. Kila mwisho wa mwezi baada ya ibada alisoma mapato na matumizi mpaka senti. Wengine walipiga miayo. Yeye alikuwa na sababu. Alikuwa mtoto mdogo wakati wazee wetu walipokataa kodi ya mbiru mwaka 1945, wakashuka kwa maelfu na kukaa Same kwa miezi. Darasani alitueleza kwamba watu hawakukasirishwa na kutoa kodi tu. Kilichowauma zaidi ni kukadiriwa kwa hesabu ambayo hakuna aliyeweza kuwaonyesha. Kwa hiyo yeye alionyesha hesabu, hata ya mayai.

Mayai, ndiyo. Vijana wa mjini siku hizi mnatuma sadaka kwa simu. Kwetu mtu alileta alichonacho: mayai matatu, mkungu wa ndizi, kuku, kibaba cha maharage, na baada ya ibada vilipigwa mnada nje ya mlango. Mnadi alikuwa Mwalimu, na Jumapili hiyo moja kwa wiki ndipo ucheshi wake wote ulipotoka. Aliweza kuliuza yai moja mara nne, kwa sababu kila aliyelinunua alilirudisha mezani liuzwe tena. Bati la kanisa letu lilianza na mayai hayo. Karanga pia.

Sasa tunafika mahali palipotuchukua Jumamosi nzima.

Mwalimu na Mama walijaliwa watoto watano. Wale waliokaa nyumbani kwao, na sisi wengine tulikaa kwa sababu kwetu kulikuwa mbali, tunakumbuka nyumba yenye utaratibu. Saa kumi na mbili jioni sala fupi. Makande yakiiva, meza inafutwa, na vitabu vinatoka kabla ya sahani kukauka. Baba alikaa kichwani mwa meza akisahihisha madaftari ya shule, na Mama alikaa karibu na taa akishona au akichambua maharage, na ndiye aliyejua nani ameacha kusoma akasinzia. Mwalimu hakulala nje ya nyumba yake isipokuwa kwa kazi. Alipokwenda Same kufuata mshahara, kwa lori la kupitia Kisiwani, alirudi hata kama ni usiku wa manane, na Mama aliacha mlango bila komeo. Hatukuwahi kumsikia akimwita Mama kwa sauti ya juu. Watoto wake walimwogopa darasani, na jioni walimpanda mgongoni.

Binti yao wa pili alimaliza darasa la saba mwaka 1984. Alifaulu vizuri, lakini nafasi za sekondari za Serikali zilikuwa chache mno, na jina lake halikuwemo. Alipata nafasi katika sekondari ya kulipia. Karo ya muhula wa kwanza ilitakiwa Januari. Ninyi mlioishi miaka ile mnakumbuka hali: sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, mshahara wa mwalimu unachelewa mwezi, miwili. Mwalimu alikuwa na sehemu ya karo. Iliyobaki alikuwa amepanga itoke katika daftari. Wakubwa wawili, waliokwisha kuanza kazi, walikuwa hawajarudisha. Aliwaandikia. Akawaandikia tena. Barua ya tatu aliituma kwa mkono wa dereva wa lori.

Wakati huo huo chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la kanisa, na ndani yake fedha za bati. Bati lilikuwa adimu. Habari ikija kwamba lipo mahali fulani, mtu hununua siku hiyo hiyo au hulikosa. Kwa hiyo fedha ilikaa tayari. Mama alimwomba Mwalimu achukue humo kiasi kilichopungua, amwambie Mchungaji na wazee wenzake, arudishe mshahara ukifika. Ilikuwa suala la wiki chache. Baadaye Mchungaji wa wakati huo alisema angekubali, kama angeulizwa.

Mwalimu hakuuliza. Alisema fedha ile ina wenyewe waliotoa yai moja moja.

Januari ikapita. Mshahara ulikuja Februari katikati, na nafasi ya binti ilikuwa imekwisha kupewa mwingine. Bati lilikuja mwezi wa sita.

Mama alikaa muda mrefu bila kuzungumza na mumewe zaidi ya "chakula tayari". Hilo tumelisikia kwake mwenyewe, mwezi uliopita, tulipokwenda kumtaka ruhusa ya kuisoma hotuba hii. Alitusimulia akiwa anamenya ndizi. Alisema kila Jumapili mvua iliponyesha juu ya lile bati aliisikia kama karo.

Je, Mwalimu alifanya sawa? Sita tuliopo hapa hatukubaliani. Watatu wanasema mtu anayeshika fedha ya wote hana ruhusa ya kuanza kujihurumia, maana akianza leo kwa sababu nzuri, kesho sababu itakuwa nzuri kidogo tu, na tumeona vyama vya ushirika vilivyokufa kwa njia hiyo hiyo. Wawili wanasema mtoto ni wa Mungu kuliko bati, na kwamba kuuliza si dhambi, na kwamba hapo Mwalimu alijali jina lake la uaminifu kuliko binti yake. Mmoja alikataa kusema. Hatukuweza kulimaliza jambo hili, na hatulimalizi hapa.

Lakini kuna jambo moja tunalokubaliana wote sita, na ndilo lililotufanya tuombe nafasi ya kusema leo. Kosa la kwanza halikuwa la Mwalimu wala la Mama. Lilikuwa la wale wawili ambao hawakurudisha. Wawili hao wamo katika sisi tuliosimama hapa.

Mmoja alikuwa karani hapa mjini. Barua zote tatu alizipata. Mwezi ule alikuwa ameweka fedha pembeni, na akanunua radio kaseti. Mwingine alikuwa fundi mchundo Tanga, na sababu yake ni mbaya zaidi kwa kuwa si sababu: aliona Mwalimu ni mtu mzima mwenye mshahara, hawezi kukwama kwa sanduku moja na blanketi mbili. Wote wawili walikuja kulipa baadaye. Mistari yao imekatwa kwa rula kama ya wengine. Mwalimu aliwapokea, akawakaribisha chai, akawauliza habari za kazi, na habari za binti hakuwaambia. Walizipata kwa watu, mmoja baada ya miaka minne, mwingine baada ya kumi na moja.

Dada yetu yupo hapa ukumbini. Ameturuhusu tuseme haya, kwa sharti kwamba tusimfanye mtu wa kusikitikiwa, kwa hiyo tunasema na lililobaki. Alisomea ushonaji katika chuo cha ufundi cha kanisa. Aliolewa. Akiwa na watoto wawili alijiandikisha mtihani wa QT, akasoma usiku, akafaulu, kisha kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Leo ni mwalimu wa chekechea na ndiye aliyemuuguza baba yake miaka mitatu ya mwisho. Alipokuwa akisoma, aliyemfundisha hesabu kila jioni alikuwa baba yake. Wakiwa mezani pale pale. Tulimuuliza kama waliwahi kulizungumza lile la 1985. Alisema baba yake alilitaja mara moja tu, siku ya matokeo ya kidato cha nne. Alitoa daftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika jina la binti yake, na mbele yake akajiandika yeye mwenyewe kuwa ndiye mdaiwa: "Karo, muhula 1." Mstari ule haukukatwa. Dada anasema alimwomba aukate, akakataa.

Mwalimu alistaafu lakini hakukaa. Sekondari za kata zilipoanza kujengwa kila mahali, na yetu ikafunguliwa, kulikuwa na majengo mawili, wanafunzi wengi, na walimu unaowahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mzee wa miaka sitini na ushee akachukua fimbo yake, ya kutembelea safari hii, akawa anashuka mara tatu kwa wiki kufundisha hesabu za kidato cha kwanza. Hakulipwa. Aliomba chaki, na safari hii aliikubali ya shule.

Na hapo ndipo alipoona jambo la wasichana. Wavulana wakitoka vitongoji vya mbali walitembea, au walipanga chumba watu wanne karibu na shule, wakapika ugali wao, ikapita. Wasichana waliopanga vyumba hivyo hivyo hawakumaliza wote. Hatuhitaji kueleza kwa nini, wazazi mpo. Aliandika barua kwa Umoja wetu, na wengine mtakumbuka ilisomwa katika mkutano mkuu. Salamu mistari miwili, mvua na tangawizi mstari mmoja, kisha: "Hosteli ya wasichana bado."

Tukapiga makofi na kuunda kamati. Wananchi nyumbani hawakutusubiri. Waliitisha msaragambo, wakachimba msingi, wakabeba mawe na mchanga, kina mama kwa ndoo kichwani, kama walivyojenga kila darasa tulilosomea sisi. Kuta zimefika kwenye lenta. Zimesimama hivyo tangu mwezi wa saba mwaka jana, na Mwalimu aliziona hivyo mara ya mwisho alipobebwa kupelekwa hospitali. Mvua za vuli zimezipiga. Za masika zinakuja. Wananchi wamefanya la kwao. Mbao, bati na saruji ya lenta ndiyo sehemu yetu sisi wa mjini, na tuliiahidi kwa vinywa vyetu wenyewe katika chakula cha jioni kama hiki.

Mhazini wetu ametuonyesha orodha ya ahadi za mwaka jana. Hatutaisoma. Zaidi ya nusu hazijalipwa. Tulipoiona tulikaa kimya, hasa wawili kati yetu, kwa sababu ahadi zetu nazo zimo katika nusu hiyo. Tumezilipa Jumatatu iliyopita. Hatusemi hivi ili mtusifu. Tumechelewa miezi kumi na moja.

Kwa hiyo Kamati, kwa idhini ya Mama na watoto, imeamua hivi. Mwaka huu hatutaandika ahadi kwenye zile karatasi ndogo zinazobaki mezani na mifupa ya kuku. Tutaandika katika daftari la Mwalimu. Zimebaki kurasa za kutosha. Na tutaandika kama alivyoandika yeye, kwa vitu: bati, mfuko wa saruji, mbao, kitanda cha deki, godoro. Asiyeweza bati zima aungane na mwenzake. Aliyeandika godoro ataleta godoro au bei ya godoro siku anayolipa, na siyo bei ya leo. Mstari ukilipwa utakatwa kwa rula, na hesabu itasomwa kila robo mwaka, hapa na nyumbani, kanisani na msikitini, mpaka shilingi ya mwisho.

Barua za kukumbusha zitatoka. Dada yetu amekubali kuziandika, na mwandiko wake unafanana sana na wa baba yake.

Daftari liko pale mlangoni, kwenye meza ya Mhazini, na yeye amekaa nalo. Kurasa za zamani zenye mistari ambayo haijakatwa zimewekewa vipande vya karatasi ya njano. Ukiona jina lako, au la baba yako, hakuna atakayekuuliza kitu. Lipa kama ulivyoandikwa, naye atakata. Ukurasa mmoja tu usifunguliwe: ule wa karo ya muhula wa kwanza. Huo Mama amesema uachwe ulivyo.

Mgeni Rasmi, tumepitisha dakika nne. Tunaomba radhi. Karibuni chakula.